Gari la zamani lisiuzwe kwa kilo kabla ya kupimwa

Mashine ya kukata chuma inapolia kwenye kiwanja cha mnunuzi wa mitraye, watu wa mtaa hawageuki tena kuangalia. Mara nyingi ni Land Rover ao Land Cruiser ya zamani, iliyokaa miaka mingi nyuma ya nyumba ya mzee aliyekufa, na watoto wameamua kuiuza kwa kilo. Kapo inakatwa vipande viwili, milango inakunjwa, mabawa ya mbele yanakanyagwa ili yaingie vizuri kwenye kamyo. Mizani inasoma, franga zinahesabiwa, na kabla jua halijazama pale nyuma ya nyumba panabaki madoa ya mafuta tu.

Familia inayouza hivyo haina kosa. Gari lisilotembea linakula nafasi, linaficha panya, na masomo ya watoto hayalipwi kwa kumbukumbu za baba. Lakini katika biashara hiyo kuna kitu ambacho mizani haiwezi kusoma. Bawa moja la mbele lenye ukubwa wa karibu mita moja ya mraba na unene wa milimita 0.9 lina uzito wa kilo 7 hivi. Likiwa la alumini, hata likiwa nene zaidi kidogo, halifiki kilo 4. Mwenyewe analipwa bei ya hizo kilo. Kile kinachopotea ni umbo lake, na umbo hilo ndilo fundi wa toli angelihitaji ili kutengeneza bawa lingine kwa gari ambalo bado linaweza kurudi barabarani.

Hapo ndipo shida yote ya kufufua magari ya zamani katika Kivu na Ituri inapoanzia. Chuma kipo, na mikono ya kukifanyia kazi ingali ipo. Vipimo ndivyo vinavyokwisha, na vinakwisha kwa sababu vinauzwa pamoja na takataka.

Tofauti kati ya injini na karoseri inaeleza jambo hili vizuri. Injini iliyochoka ina njia nyingi za kupona. Ringi, pistoni na joenti zinaingia kwenye boksi dogo, msafiri anazibeba kwenye basi kutoka Kampala ao anazitia kwenye mzigo wake kutoka Dubai. Zikikosekana kabisa, injini yenyewe inaondolewa na kuwekwa nyingine. Karoseri haina njia hizo. Mlango ni mkubwa, ni mwepisi lakini unakula nafasi ya mzigo mzima, na ukigongwa njiani unafika umepinda. Gharama ya kuusafirisha inaweza kupita bei yake. Na kuna mambo mengine: mlango wa mwaka fulani haukai kwenye gari la mwaka mwingine, hata kama majina ya magari hayo ni sawasawa.

Watengenezaji wenyewe wanajua tatizo hilo. Nchini Uingereza, kampuni ya British Motor Heritage ilianza mwaka wa 1988 kutoa upya karoseri nzima za gari MGB, kwa kutumia zile mashine na kalibu za zamani zilizookolewa. Toyota ilitangaza mwaka wa 2021 kwamba itarudisha piesi za Land Cruiser za mfululizo wa 40, gari lililotengenezwa kuanzia mwaka wa 1960 hadi 1984. Hizo ni habari njema kwa mtu wa Tokyo ao London mwenye pesa na anwani ambayo mzigo unafika bila kusumbuliwa. Kwa mtu wa Butembo ao Uvira, piesi hizo ni picha kwenye simu. Tangu vita vilipofika Goma mnamo Januari 2025 na Bukavu mnamo Februari 2025, benki zikafunga milango, hata kutuma pesa ya kuagiza boksi dogo kumekuwa safari. Mtu anayetaka bawa la mbele leo analitafuta kwenye gari lililokufa, ao analitengenezesha kwa mkono.

Kutengeneza kwa mkono si ndoto ya mtu asiyekuwa na kitu. Historia ya Land Rover yenyewe inathibitisha hilo. Gari hilo lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo, na kampuni ya Rover haikutaka kungoja mashine kubwa za gharama za kukandamiza toli. Kwa hiyo karoseri ilitengenezwa kwa alumini, yenye sehemu nyingi zilizonyooka na mikunjo miepesi. Ule uso wa Land Rover ambao watu wanaupenda leo kama urembo ulizaliwa na upungufu. Toli iliyokunjwa bila mashine kubwa mwaka wa 1948 inaweza kukunjwa bila mashine kubwa leo.

Wabelgiji walitoa ushahidi wa pili. Katika miaka ya 1950, kampuni ya Minerva ya Antwerp ilitengeneza Land Rover kwa ruhusa ya Rover, kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Karoseri zake hazikuwa za alumini, zilikuwa za chuma, na mabawa yake ya mbele yalikatwa kwa mteremko, tofauti na yale ya Waingereza. Gari lilibaki Land Rover. Kwa hiyo mtu anayecheka fundi wa Bukavu kwa sababu ameweka toli ya chuma mahali pa alumini angekumbuka kwamba kiwanda cha Ulaya kilitangulia kufanya hivyo, tena kwa kusaini mkataba.

Kile ambacho kiwanda kilikuwa nacho, na ambacho fundi anakosa, ni kipimo sahihi. Bila kipimo, anafanya kazi kwa macho. Anaangalia bawa la upande wa kushoto lililobaki, anajaribu kuligeuza kichwani liwe la kulia, kisha anakunja, anapeleka kwenye gari, anarudi, anakunja tena. Kazi ya siku mbili inakuwa ya wiki mbili. Mwishoni kapo haifungi vizuri, mlango unagusa nguzo, na mwenye gari anasema mafundi wa hapa hawajui kazi. Angepewa bawa la zamani, hata lenye matundu ya kutu, hata lililopasuka katikati, angelilaza juu ya kartoni, angechora ukingo wake, angehesabu matundu ya bulo moja kwa moja, na jibu lingepatikana kabla ya kupiga nyundo ya kwanza. Toli iliyooza haifai tena kufungwa kwenye gari, lakini kwa kazi hiyo ya kuchora na kupima bado inafaa sana.

Toli ya kutumia nayo haiko mbali. Pipa la litre 200 likifunguliwa na kunyooshwa linatoa bamba la urefu wa karibu mita 1.80 na upana wa karibu sentimita 88. Unene wake mara nyingi uko kati ya milimita 0.8 na 1.2, yaani karibu sawa na toli za magari ya zamani. Ndiyo maana mafundi wanalipenda. Manjanja ya nyumba hayafai kazi hiyo: ni membamba sana, yanatetemeka gari likitembea, na zinki yake ikichomwa inatoa moshi unaoumiza kifua. Pipa nalo lina hatari yake. Lililobeba petroli linaweza kulipuka likiguswa na moto wa kukatia, hata kama limekaa tupu muda mrefu na halina harufu. Fundi mwenye akili analiosha kwa maji ya moto na sabuni, analijaza maji kabla ya kulikata, ao anatumia tindo na makasi ya chuma pasipo moto. Pipa lililobeba dawa za sumu linaachwa kabisa.

Alumini ina elimu yake. Ikipigwa nyundo inakuwa ngumu, na ikiendelea kupigwa inapasuka. Inahitaji kulainishwa kwa moto, lakini haiwi nyekundu kama chuma: ikifika digrii 660 inayeyuka bila kuonya. Mafundi wanajua dawa ya jambo hilo. Wanasugua kipande cha sabuni kavu upande mmoja wa toli, wanapitisha moto upande wa pili polepole, na alama ya sabuni ikigeuka rangi ya kahawia inayokaribia nyeusi wanaacha. Toli imelainika, kazi inaendelea. Elimu hiyo ya kipande cha sabuni haina gharama, na mtu asiyekuwa nayo ataharibu alumini ya dola nyingi kwa asubuhi moja.

Kuna elimu nyingine inayohusu mahali alumini inapokutana na chuma. Maji yakiingia kati ya hivyo viwili, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe chini ya rangi. Magari ya Land Rover yanaoza hapo kwanza, pale milango na mabawa yanapofungwa kwenye chuma. Katika maeneo yanayofikiwa na moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira, ambako mvua inashuka na asidi na manjanja ya nyumba yanaisha upesi, kila fundi angepaswa kupaka rangi pande zote mbili na kuweka mpira ao kitu cha kutenganisha kabla ya kukaza bulo. Piesi nzuri isiyotenganishwa hivyo inarudi garaji kabla haijazeeka.

Lakini kuna wanaopinga, na maneno yao yanastahili kusikilizwa. Wa kwanza wanasema kwamba magari hayo ni hatari, yameshaua watu ya kutosha, na afadhali yaishe. Wana haki nusu. Gari lina ngozi na lina mifupa. Kapo, mabawa, milango, toli za nyuma na paa ni ngozi, na hizo fundi mwenye kipimo anaweza kuzitengeneza bila kuhatarisha mtu, mradi kingo zisiwe kali na bulo zikazwe vizuri. Shasi ni mfupa. Katika Land Rover, ukuta wa chuma unaotenganisha injini na watu, ambao unabeba usukani, pedali na bawaba za milango, nao ni mfupa. Katika Land Cruiser ya mfululizo wa 40, mahali karoseri inapokaa juu ya shasi na mahali mikanda ya usalama inapofungwa ni mifupa vilevile.

Mifupa hairekebishwi kwa toli ya pipa. Shasi iliyooza haifunikwi kwa kiraka chembamba na rangi nyeusi ili ipite mbele ya macho ya mnunuzi. Inakatwa hadi kufikia chuma kizima, inawekwa chuma cha unene uleule, na inachomelewa na mtu aliyejifunza kuchomelea vyuma vya kubeba mzigo. Mastiki nayo ina mpaka: kazi yake ni kusawazisha unene wa ukucha, si kujaza tundu la ngumi. Fundi anayetia mastiki mahali pa chuma anamdanganya mteja, na siku moja atamzika. Kwa hiyo kama kuna jambo la kukataza, likatazwe hilo. Kukataza magari yote ya zamani kwa sababu ya mafundi wanaoficha kutu ni sawa na kufunga soko kwa sababu ya mizani moja ya uongo.

Wengine wanauliza swali la pesa: nani atamlipa mwenye gari lililokufa ili asiliuze kwa kilo? Jibu liko kwenye bei zenyewe. Mlango mzima wa Land Rover, ao hata kapo yenye kutu kidogo, mtu anayeitafuta atatoa zaidi ya mnunuzi wa mitraye, maana yeye hatafuti kilo. Kinachokosekana ni watu hao wawili kukutana. Mwenye gari hajui kwamba kuna mtu Beni anayetafuta mlango huo, na mtu wa Beni hajui kwamba mlango uko Kalehe nyuma ya jiko. Mnunuzi wa mitraye anashinda kwa sababu yeye anapita mlango kwa mlango na mizani yake, na wao wanakaa.

Wa tatu wanataja wizi, na hapo pia wana sababu. Soko la piesi za zamani likikua bila karatasi, kesho gari la mtu litafunguliwa usiku. Dawa yake inajulikana: muuzaji aandike jina, namba ya shasi ya gari piesi ilikotoka, na sahihi ya chef wa avenue. Mnunuzi wa mitraye leo haulizi hata moja kati ya hayo, kwa hiyo hali ya sasa ndiyo inayomsaidia mwizi.

Basi kazi inagawanyika kwa watu watatu, na hakuna mmoja kati yao anayehitaji mamilioni.

Mwenye gari anahitaji subira ya siku moja. Kabla ya kuita mizani, amwite fundi wa toli. Piesi nzima zifunguliwe kwa ufunguo, siyo kwa moto. Zile zilizooza zilazwe kwenye kartoni na kuchorwa, zipigwe picha karibu na mita ili vipimo vionekane, na namba ya mwaka iandikwe. Baada ya hapo kilo zilizobaki ziende zake.

Wenye garaji wanahitaji kuacha kufichana. Katika garaji nyingi, kipimo cha bawa ao cha kona ya nyuma kinakaa kichwani mwa fundi mmoja mzee, ao kimeandikwa kwa chaki ukutani, na mvua ya kwanza inakifuta. Garaji tano za mji mmoja zikikubaliana kuweka kartoni zao mahali pamoja, zikiwa na jina la gari na mwaka, kila mmoja atapoteza siri ndogo na atapata nne. Kazi itakwenda haraka, mteja atarudi, na hakuna atakayekufa njaa juu ya hilo.

Serkali nayo ina chombo mkononi. Taasisi ya mafunzo ya kazi, INPP, iliyoanzishwa mwaka wa 1964, ina kazi ya kufundisha na pia ya kuwaongezea ujuzi watu waliokwisha kuwa kazini. Fundi aliyetengeneza toli miaka thelathini bila cheti apimwe kwa mikono yake: apewe bawa lililooza na bamba tupu, atengeneze lingine, kisha apewe karatasi inayosema anajua. Na yeye, kwa karatasi hiyo, apokee vijana wa kujifunza kwake kwa muda uliopangwa, na tofauti kati ya ngozi na mfupa iwe somo la kwanza. Leo kijana anajifunza kwa kushika taa na kunyamaza. Mzee akifa kabla kijana hajauliza, elimu ya kipande cha sabuni inazikwa naye.

Inchi hii inachimba shaba, kobalti na bati zinazoingia katika magari ya dunia nzima, lakini bawa la gari la mwaka wa 1975 linasubiriwa kutoka mbali kama dawa. Hilo si jambo la kurekebishwa kwa hotuba. Linaanzia kwenye kartoni, kalamu na mita. Goma ilijenga sanamu ya chukudu katikati ya mji, kwa heshima ya chombo kilichotengenezwa kwa mkono na kubeba viazi, makaa na mbao za mji mzima. Wale waliotengeneza chukudu ya pili walikuwa na ya kwanza mbele yao ya kuangalia. Fundi wa toli anaomba jambo hilohilo: aachiwe ya kwanza aiangalie, kabla haijapandishwa kwenye kamyo.